Shoga, kuachia nako kunataka nguvu

Shoga yangu,

Asalam aleikum. Huku Dar tuko salama, watoto wanasoma, joto ndo usiseme. Ile voisi yako ndefu niliisikiliza kwenye daladala afu nikaisikiliza tena nyumbani nimetulia, nikaona bora nikuandikie maana kwa simu ningekatakata maneno na wewe ungeishia kuniitikia "haya haya" ilimradi tu. Umeniuliza mambo mawili, la bibi na kuosha maiti, na la karatasi ya mjomba ya hospitali. Utashangaa, yote mawili yanakutana sehemu moja, kwenye namna misuli inavyovuta. Naanza na la bibi.

Unasema bibi akiitwa msibani, hata kabla hajakaa, anafumba macho ya marehemu, anafunga taya kwa kitambaa mpaka utosini, anakunja na kukunjua viwiko na magoti na vidole, afu ananyoosha mikono ubavuni, na kama wamechelewa kumwita ananuna kutwa nzima. Na wewe unataka kujua haraka ya nini, na mbona mwili unaokakamaa vile baadaye unalegea wenyewe bila mtu kuugusa. Bibi yuko sahihi shoga, sahihi kabisa, na sababu yake nnaifundisha chuoni kila mwaka na bado inanisisimua. Watu wengi wanajua kwamba msuli unahitaji nguvu ili ukaze. Hawajui kwamba unahitaji nguvu ili uachie. Nguvu ikiisha kabisa msuli haulegei, unaganda palepale ulipo. Hilo ndo jibu lenyewe, yanayofuata ni kukueleza kwa nini.

Chukua msuli wa paja. Ndani yake kuna nyuzi nyuzi, zile unazoziona ukichambua nyama iliyochemshwa ni mafungu ya nyuzi hizo, na kila uzi mmoja ni seli moja nzima, unene wake kati ya mikromita 10 na 100 (mikromita elfu moja ndo milimita moja), ila kwa urefu inaweza kwenda sentimita nyingi, na ina viini vingi badala ya kimoja. Ndani ya seli hiyo kuna vijiuzi vingine vidogo zaidi, mamia mpaka maelfu, vimelala sambamba, tunaviita miofibrili. Ukiviweka chini ya hadubini unaona mistari shoga, giza, mwanga, giza, mwanga, imejipanga toka mwanzo mpaka mwisho bila kukosea hata mmoja. Wanafunzi wangu wakiiona mara ya kwanza darasa zima linanyamaza. Katikati ya kila sehemu ya mwanga kuna mstari mwembamba unaitwa mstari wa Z, na kipande cha kutoka Z moja mpaka Z inayofuata ndo kinaitwa sakomia. Msuli ukiwa umetulia sakomia moja ina kama mikromita 2.2, yani ndani ya sentimita moja tu ya uzi zimefuatana zaidi ya 4,000. Kila moja ikifupika kidogo sana, zote kwa pamoja mguu unanyanyuka.

Ndani ya sakomia kuna nyuzi za protini za aina mbili. Kuna nene, za mayosini, urefu mikromita 1.6, zimekaa katikati na ndo zinafanya ile sehemu ya giza. Kuna nyembamba, za aktini, urefu kama mikromita 1, zimeshikizwa kwenye mistari ya Z kulia na kushoto, na ncha zake zinaingia katikati ya zile nene. Ukikata msuli kwa upana ukautazama kwa hadubini ya elektroni unakuta kila uzi mnene umezungukwa na nyembamba 6, hakuna aliyezembea hapo. Kuna na ya tatu, titini, hiyo ndo protini kubwa kuliko zote zinazojulikana mwilini mwa binadamu, imeundwa na amino asidi, yani vile vipande vinavyojenga protini, zaidi ya 34,000, molekuli moja inatoka mstari wa Z mpaka katikati ya sakomia, na ina sehemu zinazokunjuka msuli ukivutwa na kujikunja tena ukiachiwa. Bila hiyo uzi mnene usingekaa katikati. Titini ningeweza kuiandikia barua yake peke yake ila leo tuiache.

Shika zaidi habari ya mayosini. Molekuli moja ina mkia mrefu na vichwa viwili. Uzi mmoja mnene umefunga molekuli kama 300 pamoja, kwa hiyo vichwa 600 hivi vimejitokeza nje, nusu vinaelekea Z ya huku, nusu Z ya kule. Kazi yote ya kutembea, kubeba ndoo, kutafuna, kuvuta pumzi, inafanywa na vichwa hivyo.

Zamani wataalamu walidhani msuli ukikaza ni protini zenyewe ndo zinajikunja na kuwa fupi. Afu tarehe 22 Mei 1954 jarida la sayansi la Nature likatoa makala mbili zimefuatana. Moja ya Andrew Huxley na Rolf Niedergerke wa Cambridge, Uingereza, ambao walichukua uzi mmoja mmoja wa msuli wa chura ukiwa bado hai wakautazama unavyokaza. Nyingine ya Hugh Huxley na Jean Hanson, wakati ule wako Marekani, chuo cha MIT, wao walitazama miofibrili za sungura. Hao Huxley wawili hawana undugu wowote, watu wengi wanawachanganya. Makundi yote mawili waliona kitu kilekile: msuli ukifupika sehemu ya giza inabaki na urefu wake uleule, inayopungua ni ya mwanga. Maana yake nyuzi hazijafupika hata kidogo, zimeteleza, nyembamba zimeingia zaidi katikati ya nene na kuivuta mistari ya Z isogeleane. Jean Hanson alifariki 1973 akiwa na miaka 53, na mi darasani lazima nimtaje, tena kwa sauti, maana mara nyingi unasikia watu wanasema Huxley na Huxley basi, yeye wanampitia juu wakati kazi ilikuwa yake pia.

Sasa zinatelezaje? Si unawakumbuka wavuvi kule kwetu wakivuta kamba ya nyavu ufukweni. Mtu anashika, anavuta, anaachia, anashika mbele zaidi, na wakati yeye kaachia wenzie wameshika kwa hiyo kamba hairudi baharini. Vichwa vya mayosini vinaifanyia aktini hivyohivyo, kila kimoja kwa wakati wake, na kila mvuto mmoja ni kama nanomita 10 tu, yani ukitaka kusogea milimita moja unahitaji hatua kama hizo laki moja. Na hapa ndo penyewe shoga: asiyeachia hawezi kushika mbele. Akikataa kuachia, kamba nzima imekwama.

Kinachofanya kichwa kiachie ni ATP. Hiyo ni kemikali ambayo mwili unaitengeneza kutokana na chakula, kila seli inaishi kwayo, na akiba yake kwenye msuli ni ndogo mno, ukikimbia kwa nguvu zote ile iliyopo inatosha sekunde chache tu, lazima itengenezwe upya muda wote. Mzunguko unaenda hivi. ATP ikiingia kwenye kichwa, kichwa kinaiachia aktini. Afu kichwa kinaivunja ile ATP inakuwa vipande viwili, ADP na fosfati, na nguvu inayopatikana inakirudisha kichwa kwenye mkao wa kuvuta. Kinashika aktini tena, mbele kidogo. Fosfati ikitoka, kichwa kinapinda na kuvuta. ADP nayo inatoka. Na hapo kichwa kimebaki kimeng'ang'ania aktini, hakitoki, kinasubiri ATP nyingine ije ikiachishe. Umeona ATP inaingia wapi? Inaingia kwenye kuachia. Ule mvuto wenyewe unatokea baadaye wakati mabaki yake yanatoka.

Haya yalianza kujulikana kidogo kidogo. Moscow mwaka 1939 Engelhardt na Lyubimova wakaonyesha kwamba mayosini yenyewe ndo inaivunja ATP, kabla ya hapo ilionekana ni protini ya kukaa tu. Afu wakati wa vita ile kubwa, kule Szeged nchini Hungaria, kwenye maabara ya Albert Szent-Györgyi, ambaye tayari alikuwa na Nobeli ya mwaka 1937 inayohusiana na vitamini C, kijana wake Brunó Straub akaitenga aktini. Wakachanganya aktini na mayosini wakatengeneza vijiuzi, wakadondoshea ATP, vijiuzi vikafupika mbele ya macho yao. Protini tu kwenye kioo, hakuna mnyama, hakuna roho, vinajivuta.

Nami hiyo naionyesha darasani. Unachukua nyama ya sungura iliyokaa muda mrefu kwenye gliserini kwenye friza, seli zimeshakufa siku nyingi, ukuta wake wa nje umeharibika, ila protini zimebaki mahali pake. Unachambua kwa sindano mbili mpaka upate uzi mwembamba kabisa, unaulaza kwenye kioo, unaweka rula ya milimita chini yake. Unadondosha maji yenye chumvi za potasiamu na magnesiamu peke yake, hakuna kitu, uzi umelala. Unadondosha yenye ATP, na unauona ule uzi unatambaa unafupika, unajikusanya, unakuwa mnene, ndani ya muda mfupi tu na wanafunzi wanapiga kelele. Nyama imekufa zamani lakini kichwa cha mayosini hakijui habari hizo, kikipata ATP na kikikuta aktini iko wazi kinafanya kazi yake.

Nimesema ikiwa wazi maana kwa mtu mzima mwenye afya aktini muda mwingi imefungwa. Juu yake inalala protini nyingine, tropomayosini, imefunika pale vichwa vinapotakiwa kushika, na juu ya hiyo, kwa nafasi nafasi, imekaa troponini. Likumbuke hilo jina la troponini, tutarudi kwalo kwa mjomba. Ukitaka kunyanyua mkono, ubongo unatuma amri kwenye neva, mwisho wa neva inatoka kemikali ya asetilikolini, inaamsha umeme juu ya seli ya msuli, umeme unazama ndani kwa vijibomba maalumu, na kalsiamu iliyokuwa imefungiwa kwenye vifuko ndani ya seli inamwagika. Kalsiamu inaishika troponini, troponini inaisogeza tropomayosini pembeni, aktini iko wazi, vichwa vinashika. Aliyeigundua troponini na kuonyesha kwamba kalsiamu ndo inatoa ruhusa ni Mjapani, Setsuro Ebashi, pale Tokyo, miaka ya 1960. Na ukitaka kushusha mkono, kalsiamu lazima isukumwe irudi kwenye vifuko vyake, na pampu zinazoisukuma zinatumia, haya sema mwenyewe, ATP. Kwa hiyo kulegea kunaihitaji ATP mara mbili, kuachisha vichwa na kurudisha kalsiamu.

Sasa mrudie bibi na marehemu. Moyo umesimama, hewa haifiki, lakini misuli haijaishiwa saa ileile, inatumia akiba iliyonayo, kwa hiyo mwanzo mwili ni mlaini na unakunjika vizuri. Akiba inapungua. Pampu zinasimama, kalsiamu inavuja, aktini inafunuka, vichwa vinashika, na ATP ya kuviachisha haipo. Kimoja kimoja vinabaki vimeng'ang'ania mpaka msuli mzima umekuwa mgumu kwenye mkao uliokutwa nao. Kama mdomo ulikuwa wazi utabaki wazi. Kama vidole vimekunjwa, vimekunjwa. Ndo maana bibi anaanza na macho na taya: daktari Mfaransa Nysten aliandika mwaka 1811 kwamba ugumu unaonekana kwanza kwenye taya na shingo, ndo unashuka mikononi na miguuni, na hadi leo kwa kawaida unaanza kuonekana usoni masaa mawili mpaka manne baada ya kifo, na yakifika masaa kumi na mawili hivi mwili wote umekaza. Hayo ni makadirio ya sehemu za ubaridi kidogo. Kwenye joto letu la Tanga yote yanakwenda haraka, na mtu aliyekufa na homa kali au aliyehangaika sana kabla ya kufa anakakamaa mapema zaidi, maana akiba yake alikuwa ameshaitumia. Kwa hiyo bibi akinuna kwa kucheleweshwa msimnung'unikie, anajua anachokifanya, na amekijua kwa mikono yake bila hata kitabu kimoja cha fiziolojia.

Na kulegea baadaye, ambako unasema kulikutia hofu, usihofu, hakuna ATP iliyorudi. Ni kwamba ndani ya seli kuna vimeng'enya vinavyokata protini, navyo vikibaki bila wa kuvidhibiti vinaanza kukatakata pale kwenye mistari ya Z na zile protini zinazoshikilia kila kitu, titini ikiwemo. Vichwa bado vimeshika, ila walichofungwa nacho kimekatika. Baada ya siku moja au mbili, kwenye joto hata kabla ya hapo, viungo vinakunjika. Na ndo hicho hicho kinachofanya nyama ya ng'ombe iliyolazwa kwenye baridi siku kadhaa iwe laini kuliko ya ng'ombe aliyechinjwa asubuhi ikapikwa mchana ikiwa imekaza.

Ukikuta mwili umeshakaza na kuna kiungo lazima kinyooshwe, fanya pole pole kama bibi anavyofanya, bonyeza na kuchua huku unakunjua. Ugumu ukishakamilika afu ukakivunja kwa mkono, kiungo kile hakirudi kukaza. Ila ukikikunjua mapema kabla haujakamilika kinaweza kukaza tena kidogo, maana vichwa vilivyokuwa bado huru vinakuja kushika. Kwa hiyo kile kitambaa cha taya asikitoe mapema.

Jirani yako aliyekwambia pepopunda ni mtu kuanza kukakamaa angali hai, mwambie hapana, ni vitu viwili tofauti. Kwenye pepopunda ATP ipo. Sumu ya yule bakteria inazuia zile neva zinazotuliza, amri ya kukaza inakuja mfululizo bila breki, kalsiamu inamwagika muda wote. Hiyo ni hospitali haraka, na chanjo ipo, wajawazito wanachomwa kliniki na watoto pia, wasikose.

Haya, mjomba. Karatasi uliyonipigia picha imeandikwa troponini, na umeniuliza kama ni ugonjwa. Si ugonjwa, ni ileile protini ya Ebashi. Moyo nao ni msuli wenye mistari kama ya paja, una sakomia zake, ila troponini yake ina maumbo yanayotofautiana kidogo na ya misuli ya mikono na miguu, na maabara inaweza kuyatambua. Kwa kawaida inakaa ndani ya seli za moyo, kwenye damu ni kidogo mno. Seli za moyo zikifa kwa kukosa damu zinapasuka na troponini inavuja, basi wakiikuta kwenye damu kwa wingi wanajua moyo umeumia. Cha mjomba kimesoma chini, alhamdulillahi. Lakini shoga angalia saa iliyoandikwa pale juu, damu ilichukuliwa muda mfupi tu baada ya kifua kuanza kumbana, na troponini inachukua masaa kupanda mpaka ionekane vizuri, ndo maana inatakiwa ipimwe tena baada ya masaa kadhaa walinganishe. Kwenye picha yako naona kipimo kimoja tu. Muulize mjomba kama walimrudia. Kama hawakurudia na bado anabanwa kifua akipanda ngazi, au maumivu yanakwenda mkononi au kwenye taya, asikae nyumbani kunywa tangawizi, mpelekeni leo leo na hiyo karatasi mkononi, mwambieni daktari saa maumivu yalipoanza. Nijibu jioni nijue mmefikia wapi, simu yangu sizimi.

Wasalimie wote, bibi mbusu mikono.

Shoga yako wa Dar